Hamu ya Mnunuzi ni Mali ya Nani?

Siku ya soko mama mmoja apita kati ya wauzaji. Ainama, ashika chungu, akigonga kwa kidole apate kusikia sauti yake, kisha akirudisha mkekani na kwenda zake. Mwuzaji amwita: «Mama, rudi, nitakupunguzia!» Mama acheka, aendelea na njia. Hapo hakuna ubaya. Ndiyo desturi ya soko, na kila mmoja ajua sehemu yake.

Lakini itakuwaje kama mwuzaji huyo akimfuata mama mpaka kisimani na kumwambia: «Nimekupunguzia»? Na jioni akibisha hodi mlangoni: «Nimekupunguzia tena, ila kesho bei itapanda»? Na usiku, watoto wamekwisha lala, akiita dirishani: «Mama, chungu chako chakungoja»? Kijiji chote kitasema kwamba mtu huyo ana wazimu, au ana shauri baya. Wazee watamwita na kumwuliza: Mama huyu alikuahidi nini? Alitazama tu.

Basi, neno hilo ambalo wazee wangelikata kwa asubuhi moja, siku hizi lafanyika kila saa katika maduka ya intaneti, na wengi wamelizoea. Anayemfuata mnunuzi kule si mtu. Ni mashini iliyoagizwa na watu.

Wanaofuatwa sana ni wakusanyaji wa vitu vya kale. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaopenda kukusanya sarafu, wanasesere, picha, na hasa tembre, yaani vile vikaratasi vinavyobandikwa juu ya barua. Hawavitumii, wavitunza katika buku na kuvitazama. Tembre ya kwanza ya kubandikwa ilitolewa Uingereza mwaka 1840, zikachapwa zaidi ya milioni 68, hata leo mtu asiye tajiri aweza kupata moja. Lakini tembre nyekundu ya senti moja ya Guyana ya Waingereza, ya mwaka 1856, yajulikana moja peke yake. Iliuzwa New York mwaka 2014 kwa dola karibu milioni 9 na nusu. Mwaka 2021 ikauzwa tena, kwa dola karibu milioni 8 na laki 3. (Wanaosema kwamba tembre ni akiba isiyopungua, wafanye hesabu wenyewe.)

Zamani mkusanyaji aliweza kungoja miaka kumi kabla ya kuona kitu alichokitafuta. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha kule California soko la mnada la intaneti, ambalo baadaye liliitwa eBay. Na masoko mengine ya namna hiyo yapo. Sasa vitu vilivyofichwa masandukuni mwa dunia nzima vimetandazwa kama juu ya mkeka mmoja. Hiyo ni faida ya kweli, na asiyeisema hasemi haki.

Chukueni mfano wa mtu wa Ubelgiji anayekusanya tembre za Kongo. Apenda zile zenye picha, zilizoanza kutolewa mwaka 1894: bandari ya Matadi, maporomoko ya Inkisi. Mwaka 1908 nchi ilipotoka mkononi mwa mfalme Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji, tembre za zamani ziligongwa maneno CONGO BELGE juu yake. Nyingine ziligongwa Brussels, nyingine Kongo kwenyewe. Na kuna maneno ya uongo, yaliyogongwa na wadanganyifu ili tembre ya bei ndogo ifanane na ya bei kubwa. Kwa hiyo mwenye akili hanunui mbio. Atazama herufi kwa kioo cha kukuzia, alinganisha, amwandikia mwuzaji swali, amwuliza rafiki. Na ili aione tena kesho, aiwekea tembre ile alama katika duka. Alama tu. Hakutoa neno la kununua.

Alama hiyo ndiyo mashini iliyokuwa ikiingoja. Kahawa yake haijapoa, ujumbe umefika katika telefone: «Mwuzaji amekupunguzia wewe.» Kesho yake: «Wengine wanaitazama pia.» Kisha: «Saa chache zimebaki.» Akiiacha, aletewa nyingine tano zinazofanana nayo. Pengine mwuzaji mwenyewe amelala. Alikwisha iagiza mashini mara moja tu kwamba kila awekaye alama apunguziwe bei kidogo, naye hajui hata jina la mtu huyo.

Je, kupunguza bei ni kosa? Hapana. Na mashini yasema uongo? Mashini haina moyo, haiwezi kusema kweli wala uongo. Lakini aliyetunga maneno «wewe peke yako», naye ajua kwamba yatakwenda kwa watu arobaini, huyo ana moyo, na maneno ni yake. Hawezi kujificha nyuma ya chuma.

Hata hivyo uongo huo mdogo si shina la neno. Katika karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha juu ya bei ya haki. Alisema hivi: ikiwa mnunuzi ana haja kubwa ya kitu, na mwuzaji hapati hasara kwa kukitoa, mwuzaji asipandishe bei kwa sababu ya haja ile, kwa maana haja ile ni ya mnunuzi, na hakuna mtu awezaye kuuza kisicho chake. Mashini haipandishi bei, pengine yaishusha. Lakini yafanya nini? Yaiokota hamu ya mtu pale alipoinama kutazama, yaiandika, kisha yamrudishia kama mwito, mara tatu, mara kumi, mpaka asiweze kujua tena kama hamu ile ilitoka moyoni mwake au ilipandwa. Na muda wa kufikiri, ambao angeupata bure, umegeuzwa kuwa bidhaa: akiutumia, atozwa bei ya zamani.

Hila hiyo haikuzaliwa pamoja na mashini. Hapo kale wako wauzaji wa tembre waliowapelekea watu kwa posta bahasha za tembre wasizoziagiza: lipa, au rudisha. Wengi walilipa kwa haya. Mwaka 1970 sheria ya Marekani iliamua kwamba kitu kilichopelekwa kwa posta bila kuagizwa ni zawadi. Mpokeaji akitunze, wala hana deni. Mwaka 1978, intaneti yenyewe haijawa bado, kampuni moja ya mitambo ilituma tangazo kwa watu kama 400 mara moja kwa njia ya mtandao wa wakati ule, nao wengi wakakasirika.

Na sheria za leo hazipatani. Ile ya Ulaya ya mwaka 2002 yaagiza kwamba mtu aulizwe kwanza kabla ya kutumiwa matangazo, isipokuwa amekwisha nunua dukani humo. Ile ya Marekani ya mwaka 2003 yaruhusu kutuma mpaka mpokeaji aseme: basi. Ulaya yasema kwamba aliyenyamaza hajakubali. Marekani yasema kwamba aliyenyamaza hajakataa. Nani ana haki? Mama wa chungu alinyamaza pia, na hakuna mzee ambaye angesema kwamba kwa kunyamaza alimkaribisha mwuzaji nyumbani kwake usiku.

Lakini mkusanyaji naye asijidai hana sehemu. Nafasi tupu katika buku lake yamwita kabla ya mashini kumwita. Akijaza ile, aona nyingine. Mashini haikuichimba nafasi ile. Iliikuta wazi, ikaingia.

Mwishowe mtu yule wa Ubelgiji achoka. Ujumbe thelathini kwa siku, wote wa upole, wote wa haraka. Ajifunza kuufuta wote pamoja bila kuusoma. Na siku moja, kati ya thelathini hiyo, mmoja haukutoka kwa mashini. Mjane mmoja, anayeuza buku la marehemu mumewe, alikuwa amejibu kwa mkono wake lile swali juu ya herufi. Aliandika kwamba ametazama vizuri, kwamba haamini sana maneno yale yaliyogongwa, na kwamba afadhali bwana asinunue mpaka aone kwa macho yake. Ukafutwa pamoja na mingine.