Faili Likifungwa, Mtoto Yuko Wapi?

Miezi sita kwa mtu mzima ni kipindi kifupi. Mkulima huhesabu msimu mmoja, na mwenye kesi huona imeahirishwa mara mbili tatu tu. Lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja, miezi sita ni nusu ya maisha yake yote. Katika muda huo huijua sauti imtulizayo na mikono imwinuayo aliapo. Akihamishwa nyumba hata nyumba hujifunza jambo lingine, kwamba hapana mtu wa kumtegemea.

Nchini Marekani watoto wasiotimiza mwaka mmoja ndio wengi kuliko rika lolote lingine miongoni mwa wale wanaoondolewa kwa wazazi na kutiwa katika malezi ya kambo. Kwa sababu hiyo zimeanzishwa huko mahakama zenye utaratibu wa pekee kwa watoto wa chini ya miaka 3. Jaji Cindy Lederman wa Miami alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Na tangu mwaka 2005 shirika liitwalo ZERO TO THREE limeueneza utaratibu wa namna hiyo mahali pengi. Jaji huiangalia kesi kila mwezi, badala ya kungoja nusu mwaka. Mratibu huwakusanya mawakili, maafisa wa ustawi wa jamii, waganga na walezi. Mama hupelekwa kutibiwa ulevi au maradhi ya moyo wake, naye hupewa nafasi ya kuwa na mwanawe mara nyingi kila juma.

Mpango huu ukisimuliwa, ni nani atakayeukataa? Hata hivyo yatupasa kuuliza: twajuaje kwamba wafaa? Wako wasemao kwamba jambo jema halina haja ya kupimwa. Sisi hatukubali. Dola imtoayo mtoto mikononi mwa mamaye imetwaa mamlaka makubwa kuliko ya kumtia mtu kifungoni. Na atwaaye mamlaka ya namna hiyo anadaiwa hesabu.

Basi tuziangalie hesabu zenyewe. Tathmini ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba zaidi ya watoto 99 katika kila 100 hawakutendewa vibaya tena walipokuwa chini ya mahakama hizo. Habari hiyo yapendeza. Lakini mwizi haibi askari akiwa mlangoni. La kuuliza ni yatokeayo askari akiisha kwenda zake. Mwaka 2012 watafiti McCombs-Thornton na Foster waliwalinganisha watoto hao na wengine waliochukuliwa katika uchunguzi wa taifa zima. Waliona kwamba watoto wa mahakama hizi walipata makao ya kudumu kwa kasi ya mara 2.67 kuliko wenzao, na kwamba wengi wao walirudi kwa wazazi, hali wenzao wengi waliasiliwa na familia nyingine. Huo ni ushahidi mzuri, ingawa familia hizo hazikugawanywa kwa kura, na yawezekana zilitofautiana tangu mwanzo.

Lakini kasi yenyewe ni wema? Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mtoto adai ile ya pili. Mama ailalamikia mahakama kwa ile ya kwanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1997 yasema kwamba mtoto akiisha kaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, serikali sharti iiombe mahakama kuikata haki ya mzazi, isipokuwa ziwepo sababu maalumu. Lakini kupona ulevi hakufuati kalenda ya bunge. Tena wengi wa watoto hao hawakuondolewa kwa sababu ya kupigwa, bali kwa kukosa matunzo. Na ukosefu wa matunzo na ufukara hufanana sana machoni pa mgeni aliyekuja kukagua nyumba. Mahakama ihesabuyo siku tu yaweza kusifiwa kwa kuwa imewanyang'anya maskini upesi.

Mfano wa kipimo bora twauona Uingereza. Mwezi wa Januari 2008, Jaji Nicholas Crichton alianzisha mjini London mahakama ya wazazi waliotekwa na pombe au madawa ya kulevya. Hiyo si ya watoto wachanga peke yao, lakini swali ni lile lile. Judith Harwin na wenzake hawakuishia siku ya hukumu; waliwafuata wazazi hao miaka kadhaa baadaye. Katika taarifa yao ya mwaka 2016 walikadiria kwamba, kati ya akina mama waliorudishiwa watoto, 51 katika kila 100 walipita miaka 3 bila nyumba zao kuvurugika tena. Kwa wale wa mahakama za kawaida ni 22 tu.

Tuzitafakari tarakimu hizo mbili. Tofauti yake ni kubwa, nayo yaistahilisha kazi hiyo sifa. Lakini zaidi ya hiyo, yatuonyesha kwamba hata katika mahakama iliyo bora karibu nusu ya nyumba hizo zilitikisika tena. Kama hesabu ingalifungwa pamoja na faili, hao wote wangaliandikwa kuwa wameokoka.

Kwa hiyo twasema: mahakama ya watoto wachanga isipimwe kwa wepesi wa kumaliza kesi. Ipimwe kwanza kwa hali ya mtoto miaka mitatu au mitano baadaye: yu salama? Bado yu pamoja na yule aliyepewa amlee? Pili, ipimwe kwa haki aliyotendewa mama: je, tiba aliyoamriwa ilipatikana kabla saa yake haijaanza kuhesabiwa? Kumwamuru mtu avuke mto na kumnyima mtumbwi si hukumu, ni dhihaka. Kasi inayoletwa na msaada uliofika mapema ni baraka. Kasi inayoletwa na mlango uliofungwa mapema ni dhuluma, ingawa katika daftari zote mbili huandikwa kwa tarakimu moja.

Mtoto mchanga hawezi kukata rufaa, wala kuandika malalamiko. Ushahidi wake ni maisha yake ya baadaye. Nao wampima hauna budi kungojewa na kusikilizwa.