Akikutajia Jina, Nyanyuka

Mura, umeniuliza kama dawa za wazee ni kweli au ni uongo. Hilo ni kama kuniuliza kama soko la Tarime ni zuri. Unakwenda kununua nini, na kwa nani?

Nilipokuwa mdogo hapa Turwa, mtoto akiugua, bibi alikwenda vichakani. Alirudi na magome au shubiri, ukanywa uchungu ule huku umebanwa pua. Usipopona, wazee waliuliza habari za nyumba: nani hasemi na nani, ng'ombe wa mahari wa nani hawajafika. Ndipo mbuzi alipochinjwa. Vijana mnadhani mbuzi yule alikuwa sadaka ya mizimu. Malcolm Ruel, Mwingereza aliyeishi nasi Wakurya miaka ya 1950, hilo alilielewa kuliko ninyi, akaliandika mwaka 1990: mnyama huyo hatolewi kwa yeyote. Kinachotakiwa ni kilichomo ndani yake, yale majani yaliyosagika tumboni, ili watu na nyumba wapoe. Hayatibu malaria, wala sijamsikia mzee mwenye akili akidai hivyo. Lakini ndugu walionuniana wakila nyama ya mbuzi mmoja, nyumba hupumua.

Ninayemwogopa mimi ni yule anayekutajia mtu.

Rafiki yangu wa rika moja alifiwa na ndama watatu ndani ya wiki mbili. Akaenda mbali kwa mpiga ramli, akaambiwa mbaya wake ni mwanamke mzee, macho mekundu, anakaa upande wa jua linakochomoza. Upande huo alikaa mama yake mdogo, mjane. Macho yake kweli yalikuwa mekundu. Nani asingekuwa nayo, baada ya miaka hamsini ya kupuliza moto jikoni kusiko na dirisha? Kwa majirani zetu Wasukuma, vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa macho kama hayo! Usiku ule tulikaa na rafiki yangu watu wanne, panga lake nimelikalia mimi. Hakuna aliyelala. Asubuhi bwana mifugo akaja, akapapasa matezi ya ndama wa nne, akasema ni ndigana. Kupe, mura. Ng'ombe hawakuwa wamefika kwenye josho tangu mvua zianze.

Serikali ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, kwa hiyo mganga muulize cheti. Mwaka 2015 ikapiga marufuku ramli kwa sababu ya mauaji ya wenye ualbino. Vizuri, ila cheti ukutani hakimfungi mtu mdomo. Hata ile foleni ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011, ambayo watu wa Mara nao waliikimbilia, ilikuwa na heri moja: ulikunywa, ukaondoka, bila jina la jirani mfukoni.

Basi mizizi ukitaka kuinywa, inywe, ila hospitali mwambie daktari ulichokunywa, na kama una kisukari, vidonge vyake usiviache. Mganga akianza kukuuliza unamshuku nani, chukua kofia yako. Usingoje jibu, maana ukishalisikia jina halitoki tena masikioni.

Mama mdogo yule aliishi miaka tisa mingine. Ndiye aliyemfundisha mke wa rafiki yangu kukamua shubiri.