Sahihi ya Bingwa: Kumbukumbu au Bidhaa?



Wako watu, hasa Uingereza na Marekani, wanaokusanya sahihi za mabingwa wa zamani wa gofu. Wengine husubiri kando ya uwanja, kalamu mkononi. Wengine huwaandikia wazee hao nyumbani kwao, wakitia ndani ya barua bahasha yenye stempu ya kurudishia jibu. Wanachotaka ni jina tu, juu ya picha, mpira, au bendera ya njano ya mashindano ya Masters. Mtu aweza kucheka na kuuliza: Jina lililoandikwa kwa wino lina faida gani? Haliliwi wala halivaliwi. Hata hivyo swali hili latuhusu na sisi, tunaotia sahihi katika daftari la ndoa, hati za mashamba na mikopo ya ushirika.

Kwanza, tutazame thamani yenyewe. Tuseme ziko picha mbili za Arnold Palmer, Mmarekani aliyeshinda Masters mwaka 1958, 1960, 1962 na 1964. Moja ilitiwa sahihi na Palmer mwenyewe, ya pili na mwigaji hodari, hata jicho haliwezi kuzitofautisha. Kwa nini tuipende ya kwanza na kuikataa ya pili? Umbo la herufi ni lile lile. Jibu ni kwamba hatununui umbo. Tunataka ukweli kwamba mtu yule alikuwapo, akasimama kidogo, akatupa sehemu ya muda wake. Sahihi ni ushahidi. Kwa hiyo sahihi ya bandia ni ushahidi wa uongo, hata kama aliyeinunua atakufa bila kugundua. Wala jambo hili si dogo: katika miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI wa Marekani walivunja magenge yaliyouza sahihi bandia za wanamichezo, na watu wengi wakahukumiwa.

Pili, anayeombwa ana wajibu gani? Palmer, aliyefariki mwaka 2016, alisifiwa kwa kuandika jina lake likasomeka, naye aliwahimiza wachezaji vijana wafanye vivyo hivyo. Sisi walimu twaelewa. Mwandiko unaosomeka ni heshima kwa msomaji. Mkwaruzo wa haraka humwambia mtoto aliyesubiri juani kwamba yeye si kitu.

Tatu, anayeomba naye ana wajibu. Wako wanaoomba leo ili wauze kesho. Je, ni kosa? Kuuza mali yako si wizi. Mjane akiuza mkusanyo wa marehemu mumewe ili alipe karo za watoto, nani atamlaumu? Lakini yule ajifanyaye mpenzi wa mchezo, au amtumaye mtoto kwenye mstari kwa kuwa mtoto hanyimwi, huyo amepata zawadi kwa hila. Kosa lake halipo sokoni. Lipo katika neno alilolisema alipokuwa akiomba.

Hata hivyo, iko sahihi moja ya bingwa ambayo yafundisha kuliko zote, nayo haikutiwa kwa ajili ya mkusanyaji yeyote. Tarehe 14 Aprili 1968, siku ya Pasaka, Roberto De Vicenzo wa Argentina alikuwa akicheza siku ya mwisho ya Masters huko Augusta. Siku hiyo alitimiza miaka 45, na mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza. Katika shimo la 17 alitumia mapigo 3, na umati wa watu ukaona. Mwenzake Tommy Aaron, aliyekuwa akimwandikia kadi, akaandika 4 kwa bahati mbaya. De Vicenzo hakuikagua vizuri, akatia sahihi. Kwa sheria za gofu, mchezaji akitia sahihi hesabu iliyozidi mapigo yake, hesabu hiyo husimama. Jumla yake ikawa 278 badala ya 277, na Bob Goalby mwenye 277 akatangazwa mshindi. Bila kosa lile wangalicheza tena wao wawili siku ya pili.

Wengi walisema sheria ile ni katili, kwa kuwa ukweli ulijulikana. Nami nakiri kwamba ni kali. Lakini tufikiri: kama sahihi yaweza kufutwa kila mara mwenyewe anapoona hasara, ni nani atakayeitegemea? De Vicenzo mwenyewe hakumtupia lawama Aaron, alijilaumu yeye. Alipoteza nafasi ya ushindi, asipoteze heshima. Alifariki mwaka 2017, na hadithi hii ingali ikisimuliwa.

Basi, kukusanya sahihi za mabingwa si upuuzi, maadamu mkusanyaji akumbuka kwamba nyuma ya wino kuna mtu. Tena tusisahau sahihi zetu wenyewe. Hakuna atakayezipigania mnadani, lakini mkopeshaji, mwenzi wa ndoa na mtoto wa shule huzitegemea. Wazee walisema ahadi ni deni. Basi tusome kwanza, ndipo tutie sahihi. Na tukishatia, tusimame nayo.

Mwalimu Mstaafu