Machozi ya Kasa

Katika pwani ya Ras al-Jinz, mashariki ya mji wa Sur, ndani ya hifadhi iliyowekwa kwa amri ya Sultani mwaka 1996, nilimwona usiku mmoja kasa jike akitaga, na machozi yakimtiririka. Mzee mmoja katika msafara wetu, mkaazi wa Ibra aliyezaliwa Unguja, alinong'ona: "Maskini, analia kwa uchungu." Kijana aliyetuongoza, ambaye Kiswahili alikirithi kwa mamake, alijibu kwa upole: "Halii, babu. Anatoa chumvi."

Ndivyo ilivyo. Kasa huishi katika maji ya chumvi, na tezi zilizo karibu na macho yake huitoa chumvi iliyozidi. Hufanya hivyo hata akiwa baharini, ila huko hakuna wa kuyaona machozi yake.

Tulipokuwa tukirudi, tulikuta mtoto wa kasa akitambaa kuelekea bara. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku, baada ya kukaa humo siku zipatazo 60, na huifuata nuru. Pasipo taa, upeo wa bahari ndio wenye nuru kuliko nchi kavu, nao huwafikisha majini. Huyu alikuwa akiifuata nuru ya simu. Tuliagizwa tusiwashe simu. Aliyewasha nilikuwa mimi.

Nilimwokota, nikataka kumbeba moja kwa moja hadi majini. "Mweke mchangani, ami," akasema yule kijana. "Atembee mwenyewe." Alinieleza kuwa mwendo ule mfupi, wa kutoka mchangani hadi kuyakabili mawimbi, humsaidia kushika uelekeo wake baharini. Anayembeba humpunguzia safari, na pengine humpunguzia pia kitu asichoweza kumrudishia.

Tangu siku hiyo najiuliza: huruma yangu ilikuwa ya nani? Naona sasa kwamba nilikuwa na haraka ya kujiondolea hatia. Yule mdogo alihitaji giza na mchanga, nami nilikuwa nikimpa mikono yangu. Huenda mwokozi akamtendea aliyeokolewa dhuluma ya pili, na akalala usingizi mzuri.

Liko kosa jingine la namna hiyo, tena linatugusa zaidi. Kasa jike akishapevuka, pengine baada ya miaka 20 au zaidi, hurudi kutaga karibu na pwani aliyozaliwa. Sisi ambao wazee wetu waliondoka Unguja baada ya 1964, na wengi wakapokewa Oman baada ya 1970, hatuwezi kulisikia jambo hilo bila ya kujiona ndani yake. Mzee wa Ibra alisema: "Kama sisi." Lakini kasa harudi kwa hamu ya nyumbani, wala hakufukuzwa na mtu. Tena sisi wenyewe hatukubaliani ni pwani ipi tuliyorudia na ipi tuliyoiacha. Tukimpachika hadithi yetu, tunamwonea yeye, na hadithi yenyewe tunaifanya nyepesi kuliko ilivyo.

Atakuja mtu aseme: bila ya kufananisha, huruma itaanzia wapi? Yule mzee asingedhani kasa analia, asingesimama kumtazama. Hoja hii ina nguvu, nami siikatai. Kufananisha hutufikisha mlangoni. Ila aliyefika mlangoni hana budi kubisha hodi, na kubisha hodi ni kukubali kwamba ndani mna mwenyewe, mwenye desturi zake. Mzee aliposikia habari ya chumvi hakuondoka. Alichuchumaa, akauliza maswali mengi kuliko sisi sote.

Nilimweka yule mdogo mchangani, nikaizima simu. Alikaa kidogo bila ya kutikisika, kisha akageuka. Wimbi la kwanza lilimrudisha nyuma. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikaushika kwa mkono wa pili, mpaka wimbi la tatu likamchukua.