Majimoto Nao Wana Kazi Yao



Vijana wenzangu, someni Mwanzo sura ya 2. Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, kisha anamletea wanyama awape majina. Mimi naona somo hapo: huwezi kutunza usichokijua.

Nawafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu hapa Nachingwea mjini. Ukiwaambia wataje viumbe vya Mungu, utasikia simba, tembo, twiga, yaani wale wa kwenye runinga. Mkorosho ulio nyuma ya nyumba hautajwi. Wanaujua kama pesa tu: msimu, mizani, mnada. Naamini watoto wa Ruangwa mjini hawako mbali na hapo. Tumewazoesha kuwa uumbaji uko mbugani, kwa kiingilio.

Basi tukaenda chini ya mkorosho. Tukakuta majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mtoto akiumwa, anataka kuchoma kiota chote. Lakini majimoto huwala na kuwafukuza mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Kumbe anayekung'ata ndiye mlinzi wa ada yako ya shule! Watoto walinyamaza, wakaanza kuhesabu viota.

Nachingwea ina historia ya kutoiuliza ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Matrekta yakang'oa pori, reli ikajengwa. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Nguvu walikuwa nazo, pesa pia. Hawakukaa chini wakajifunza kwanza.

Mwaka 2015, katika Laudato Si', Papa Fransisko alitukumbusha kuwa dunia ni nyumba yetu sote. Nyumba huanzia uani kwako.

Jumapili hii, baada ya Misa, chukua wadogo zako, nusu saa tu, mti mmoja. Waulize: Unaitwaje? Nani anaishi humu? Anafanya kazi gani? Usipojua jibu, mwiteni bibi au babu jirani. Simu ikae mfukoni.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetuambia tuyatazame maua ya kondeni, utupe macho ya kuona ulichoweka mlangoni petu, na mikono isiyo na haraka ya kuharibu. Amina.