Nani Ameshona Mwanasesere Huyu?

Wapendwa, somo letu la juma hili ni Zekaria, sura ya nane. Wengi tunaipenda kwa ajili ya aya ya tano, pale nabii anapouona Yerusalemu uliokuwa magofu ukijaa tena wavulana na wasichana wanaocheza njiani. Lakini teremka hadi aya ya kumi. Bwana anakumbusha taabu ya siku zilizopita, na taabu ya kwanza anayoitaja ni kwamba watu walikosa ujira. Mchezo wa mtoto na mshahara wa mfanyakazi vimo katika ahadi moja.

Sisi tumevitenganisha. Majilio yakiingia tunawanunulia watoto zawadi kwa furaha, na ni vyema, ila hatuulizi zimetoka mikononi mwa nani.

Tarehe 10 Mei 1993 moto ulizuka katika kiwanda cha Kader, karibu na Bangkok, Thailand, kilichotengeneza wanasesere na wanyama wa kuchezea wa kuuzwa ng'ambo. Vitambaa na plastiki vilikuwa vimerundikwa ndani. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Nguzo za chuma hazikuwa na kinga ya moto, kwa hiyo majengo yaliporomoka upesi, na wengi waliruka kutoka ghorofa za juu. Walikufa watu 188, wengi wao wasichana waliotoka vijijini kutafuta riziki. Novemba ya mwaka huohuo, kiwanda kingine cha vitu vya kuchezea kiliungua huko Shenzhen, China, na zaidi ya watu 80 wakafa. Bei inaposhuka kupita kiasi, kuna mahali imekatwa: kwenye mshahara, kwenye saa za kupumzika, kwenye mlango wa dharura. Yakobo, katika sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kimemfikia Bwana wa majeshi.

Simlaumu mama anayenunua mdoli wa bei nafuu kwa sababu ndio anaouweza. Nasema na sisi tulio na nafasi ya kuchagua.

Kwa maana njia nyingine ipo. Watu wa biashara ya haki wana kanuni ninayoipenda sana: mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa na fundi, hutanguliza angalau nusu ya malipo, bila riba, ili fundi asikope kwa ajili ya mbao au nyuzi. Humo mna roho ya Kumbukumbu la Torati 24, inayoagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua. Hapa Kenya, kina mama wa Kenana Knitters, Njoro, hufuma twiga na tembo kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, na kila mnyama hutoka na kibandiko chenye sahihi ya aliyemfuma. Mtoto anaweza kulisoma jina hilo na kumwombea mwenyewe. Na hapa hapa Mombasa, karakana za Bombolulu zimewapa watu wenye ulemavu kazi na kipato tangu 1969.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Dukani tunalipa bei iliyobandikwa bila neno, lakini tukifika kwa fundi aliyechonga gari la mbao kwa mikono yake, tunavutana naye bei mpaka anauza kwa hasara kwa kuwa hajala tangu asubuhi. Halafu tunajisifu kwamba tumepata kwa bei poa! Ndugu zangu, hiyo nayo ni kumzuilia mtu ujira wake, tena ana kwa ana.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walezi: mtoto apate kitu kimoja kilicholipiwa vizuri badala ya vitano. Muulizeni muuzaji kimetengenezwa wapi. Akiulizwa na wengi, naye atamuuliza anayemletea. Na kwa vitu vya kuchezea vya Shule ya Jumapili, napendekeza tuagize kwa mafundi wa mtaa huu, nusu ya fedha ikitangulia. Wazee wa kanisa watapokea maoni yenu baada ya ibada.