Je, Hasira Huisha Uwanjani?

Jioni moja, nikitoka mazoezini Ngong Road, nilimpiga makanga kofi kwa sababu ya shilingi 20. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mchezaji wa raga, na nilikuwa nimekimbia na kukabana na wenzangu kwa saa mbili nzima. Kama ni kweli michezo hutoa hasira mwilini, siku hiyo singebaki na hata tone.

Matatu ilikuwa 46 ya kwenda Kawangware. Makanga alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba kuniliko. "Buda, chenji utapata mbele," aliniambia. Mbele ikafika, chenji hakuna. Kofi likatoka kabla sijafikiri. Abiria wakanyamaza. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akaniuliza, "Kijana, na mwili wote huo?"

Wazazi wengi wanaamini hivi: kijana mwenye hasira mpeleke uwanjani, akaimwage huko. Mamangu aliamini hivyo. Kocha naye alitaka tuje na hasira zetu zote. Alituambia tumfikirie mtu aliyewahi kutudharau, halafu tumkabe mwenzetu kana kwamba ndiye. Aliyemwangusha mtu vibaya alipigiwa makofi. Sasa najiuliza, hasira tulikuwa tunaimwaga, ama tulikuwa tunaifanyia mazoezi?

Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Kwanza waliudhiwa makusudi. Wengine wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine waupige huku wakifikiria afya ya mwili, na wengine wakakaa tu kimya kwa dakika mbili. Waliopiga wakimfikiria mtu ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi. Waliokaa tu ndio walioonyesha ukali mdogo zaidi. Nilipousoma nilimkumbuka kocha wetu.

Aristotle naye alishasema zamani kwamba tabia hujengwa kwa kurudiarudia: mpiga kinubi huwa mpiga kinubi kwa kukipiga. Lakini hakukataza hasira. Alisema ni vyema kumkasirikia mtu anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, wakati unaofaa. Makanga alinidhulumu, na haki ya kukasirika nilikuwa nayo. Ila kofi lile halikuwa la shilingi 20. Lilikuwa la wale wote niliofundishwa kuwafikiria.

Basi lawama ni ya kocha? Ningependa sana iwe hivyo. Lakini wenzangu walisikia maneno yale yale na wakafika kwao bila kumgusa mtu. Lawama ya kufundisha vibaya ni yake, ya kofi ni yangu, na moja haipunguzi nyingine.

Na sisemi raga ni mbaya. Raga ndiyo iliyonifundisha kuacha filimbi ikilia, na kutobishana na refa hata akikosea. Pia ina kadi ya njano. Ukionyeshwa, unatoka uwanjani dakika 10, au dakika 2 katika mchezo wa wachezaji saba kila upande. Unakaa kwenye kiti, unatazama wenzako wakiteseka kwa sababu yako. Sisi tuliona ni aibu tu. Kumbe somo lilikuwa pale kwenye kiti, na hakuna siku tuliyowahi kufanya mazoezi ya kukaa.

Chuo niliacha mwaka uliofuata, kwa ajili ya karo. Yule makanga sijamwona tena, ingawa bado napanda 46 na bado namtafuta kwa macho stejini. Sijui ningemwambia nini. Chenji zangu bado nadai, hata za shilingi 10, tena kwa sauti. Lakini nadai nikiwa nimekaa.